Redio ya Zamani Inapokataa Kutuma: Kukagua Rilei na Nyaya Zake

Redio za ridhaa za miaka ya 1970, kama Yaesu FT-101 na Kenwood TS-520, bado huuzwa zikiwa zimekwisha tumika. Mtumiaji anaweza kubonyeza kitufe cha maikrofoni, redio ikaendelea kupokea tu. Kabla ya kukubali gharama ya valvu mpya, tunashauri ukaguzi uanzie kwenye rilei na nyaya zake.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ikivutwa, huhamisha antena kutoka upande wa kupokea hadi upande wa kutuma, na huwezesha sehemu za kutuma kufanya kazi. Mlio wake mdogo, "tik", ndio mwongozo wetu katika somo hili.

Tahadhari: valvu za kutuma hutumia volti zaidi ya 500, na kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiye na ujuzi wa umeme huo asifungue kifuniko. Hatua mbili za kwanza hazihitaji kukifungua.

1. Maikrofoni. Zima redio, chomoa maikrofoni, kisha pima kwa multimita waya wa kitufe na waya wa bodi kwenye plagi yake. Kitufe kikibonyezwa, nyaya hizo ziwe zimeungana. Tikisa waya karibu na plagi. Usomaji ukiyumba, waya umekatika ndani.

2. Swichi ya kutuma. Mahali pa antena weka mzigo bandia unaohimili nguvu ya redio, punguza sauti ya maikrofoni hadi mwisho, kisha washa swichi ya kutuma iliyo usoni mwa redio kwa sekunde chache. Rilei ikilia hapa lakini isilie kwa kitufe, kasoro ipo kati ya maikrofoni na tundu lake. Isipolia kabisa, nenda hatua ya 3. Ikilia kwa njia zote mbili bila redio kutuma, nenda hatua ya 4.

3. Koili. Hatua hii na inayofuata ni za fundi. Achomoe redio, asubiri, kisha athibitishe kwa mita inayohimili volti hizo kwamba kapasita hazina chaji. Apime koili: isiposoma omu zozote, imekatika. Ikiwa nzima, afuatilie waya unaoiletea umeme na ule unaokwenda kwenye swichi, akitazama viungo vya risasi vilivyopasuka. Akague pia dayodi iliyo sambamba na koili. Ikifungwa kinyume husababisha shoti.

4. Kontakti. Zikiwa chafu, rilei hulia bila kupitisha umeme. Zisafishwe kwa dawa ya kontakti na kipande cha karatasi safi. Msasa usitumike, kwani hukwangua madini yaliyopakwa juu yake.

Kabla waya wowote haujaondolewa, picha ipigwe na rangi za nyaya ziandikwe.

Unapochukua redio, mwombe fundi akuonyeshe kasoro iliyopatikana na kifaa kilichobadilishwa, nawe uhifadhi risiti. Tunakumbusha pia kwamba kutuma kupitia antena kunahitaji leseni iliyo hai, hata kama ni kwa ajili ya kujaribu matengenezo.