Korosho na Mafuta ya Ganda Lake

Kila msimu wa korosho unapoanza, mwezi wa Oktoba hivi, sisi wauguzi tunaweka bandeji karibu. Tunajua kina mama na watoto watafika na vidole vilivyobabuka. Wengi husema wameungua moto. Tukiwahoji taratibu tunakuta moto haukuwagusa. Kilichowaunguza ni mafuta ya ganda.

Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16. Ni jamaa ya mwembe, na wale wanaowashwa midomo kwa utomvu wa embe wataelewa haraka. Ganda la korosho ghafi lina tabaka mbili, na kati yake mna mafuta mazito ya kahawia yenye asidi inayobabua ngozi. Viwandani hutumika kutengenezea rangi na breki za magari. Mtoto anayepasua korosho mbichi kwa meno anatia kitu hicho kinywani!

Basi tukaange korosho nje, tukisimama upande unakotoka upepo, watoto wakiwa mbali. Zikiisha kuungua, tuzimwagie mchanga au majivu yanyonye mafuta, tuziache zipoe. Wakati wa kubangua tuvae glovu. Zikikosekana, tujipake mikononi mafuta ya nyonyo au ya nazi, kisha majivu. Tusijifikiche macho, na kabla ya kwenda chooni tunawe kwanza. (Hili la mwisho watu huona aibu kulitaja, lakini tumewahudumia wengi.) Maganda yasichochewe jikoni: huwaka sana, ila moshi wake huchoma macho na kifua, na mwenye pumu huteseka zaidi.

Mafuta yakikupata, nawa mara moja kwa maji mengi na sabuni, maana maji matupu hayaondoi mafuta. Usitumbue malengelenge, wala usipake dawa ya meno. Yakiingia jichoni, mimina maji safi kwa dakika 20, kisha uje hospitali siku hiyo hiyo.

Kiini chenyewe ni chakula bora: gramu 100 zina kama gramu 18 za protini na mafuta zaidi ya gramu 40. Inatusikitisha nyumba inapouza magunia yote, halafu mtoto wa nyumba hiyo akaletwa kliniki akiwa na uzito pungufu. Bakizeni kibaba kimoja au viwili. Zikaangwe, zibanguliwe, zitwangwe ziwe laini, kisha kijiko kimoja kitiwe katika uji. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe korosho nzima, kwani inaweza kumkaba. Mara ya kwanza mwonjesheni kidogo tu; akivimba midomo, akitapika au akipumua kwa shida, mleteni mara moja, hata kama ni usiku.