Kuanguka kwa Wazee Majumbani

Katika kaya nyingi, kuanguka kwa mzee huchukuliwa kuwa jambo la umri tu, lisilo na kinga. Hata hivyo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea.

Kinachohofiwa hasa ni kuvunjika kwa nyonga. Mzee asiyeweza kusimama hulala kitandani majuma mengi, na huko hupata vidonda vya mgandamizo, homa ya mapafu au damu kuganda katika mishipa. Wengine hupona mfupa, lakini hawaendi tena shambani wala kwenye ibada kwa miguu yao wenyewe.

Hatari nyingi zimo uani: choo kilicho mbali na kisicho na taa, kizingiti kirefu, kandambili zilizolika, sakafu yenye maji, hata kamba ya mbuzi iliyoachwa njiani. Tochi karibu na kitanda, chombo cha haja ndogo chumbani wakati wa usiku, na mti imara wa kushikilia uliosimikwa chooni ni mambo ambayo vijana wa kaya wanaweza kuyakamilisha kwa siku moja.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, hufanywa kwa mapenzi. Mzee akishajikwaa mara moja, watoto na wajukuu humwambia akae tu, asiguse kazi yoyote. Naye, kwa kuwa ameingiwa na hofu, hukubali. Misuli isiyotumika hupungua nguvu, hatua huwa fupi na za kuburuza, na safari ya pili ya kuanguka huwa karibu zaidi kuliko ya kwanza. Mzee huyo anahitaji kutembea na kufanya mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku tatu kwa juma. Zoezi rahisi ni kuketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kisha kusimama na kuketi tena polepole, mara tano hadi kumi, mtu mwingine akiwa karibu. Jingine ni kushika ukuta na kuinua visigino.

Mkongojo nao una kanuni zake, na wengi huushika vibaya. Kimo chake kiishie kwenye kifundo cha mkono wakati mzee amesimama wima na mkono umening'inia. Hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma, na husogezwa pamoja na mguu huo mbovu.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za usingizi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Akiona kizunguzungu, amweleze mganga wa zahanati. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Macho yenye ukungu yapimwe pia, kwani mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji.

Mzee akianguka, asiinuliwe kwa haraka. Mguu ukionekana mfupi kuliko mwenzake na kugeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika. Asikandwe wala kuvutwa mguu, na asipakizwe kwenye bodaboda. Miguu yote miwili ifungwe pamoja kwa kanga, kitambaa laini kikiwekwa katikati, kisha alazwe juu ya ubao au machela na kupelekwa kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Aliyegonga kichwa naye apelekwe, hata kama anazungumza vizuri, hasa ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa zote anazotumia zibebwe ndani ya mfuko mmoja ili mganga azione.