Fitina ya Mtaani na Fitna ya Qur'ani

Katika darsa yetu tuliulizwa suali: imekuwaje mali yetu na watoto wetu kuitwa fitna katika aya ya 15 ya Surat Taghaabun, na hali mtoto mchanga hajui kumgombanisha jirani na jirani? Kosa la suali hili si la muulizaji peke yake. Ni la sote tunaolisikia neno la Kiarabu kwa sikio la Kiswahili.

Fitina kwetu ni maneno ya kuchonganisha watu. Waarabu walilitoa neno hili katika kazi ya sonara: dhahabu hutiwa motoni ili safi yake ijitenge na taka yake. Ndipo fitna ikawa ni mtihani. Mwenye mali hutazamwa, je, atatoa Zaka au ataificha? Na mzazi hutazamwa, je, mapenzi ya mwanawe yatamfikisha kula haramu ili amshibishe?

Khatari kubwa iko katika aya ya 191 ya Surat al-Baqara, isemayo kuwa fitna ni jambo zito kuliko kuua. Mara ngapi tumeisikia ikisomwa juu ya mchongezi wa mtaani, hata ikadhaniwa kuwa mdomo wake ni mbaya kuliko kisu cha muuaji! Wafasiri wamesema kuwa iliyokusudiwa hapo ni shirki, au mateso ya kumrejeza Muislamu katika ukafiri. Uchongezi ni haramu bila ya shaka, lakini jina lake kwa Kiarabu ni namima, na aya yake ipo, ya 11 katika Surat al-Qalam. Basi kuna haja gani ya kuazima aya isiyo yake?

Yako na maneno yanayofanana kwa maandishi tu. Sura ya mtu na Sura ya Qur'ani, kwa herufi za Kizungu ni mamoja. Kwa Kiarabu ya kwanza huandikwa kwa swad na ya pili kwa sin, wala hayana udugu. Lakini wapenzi wa herufi za Kiarabu nao wasijivune mno, kwani "dini" na "deni" pasipo irabu zote ni dal, ya na nun, na msomaji ajitambulie mwenyewe.

Ama neno "hadithi", ambalo watoto wetu hulijua kwa sungura na fisi kabla ya kulijua kwa Mtume (s.a.w.), tumeliwekea toleo lijalo, inshallah.