UNAPANDA KILIMANJARO? KAGUA BEGI, KAGUA SAHANI

Shule zikifunga, kuna vijana wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine huenda na klabu ya Malihai, wengine na skauti, wengine na mjomba aliyekuja likizo akaamua kwamba mwaka huu lazima familia nzima ifike Uhuru. Safi sana! Ila mazungumzo huwa ni ya nauli, ada ya hifadhi na nani atabeba kamera. Begi na chakula hukumbukwa usiku wa mwisho, na hapo ndipo mtu anapotupia suruali ya jinzi, raba na pakiti mbili za biskuti. Mlima ule haujali kama wewe ni bingwa wa mita 100 wa shule nzima.

Tuchukue njia ya Marangu, maana ndiyo yenye vibanda vya kulala. Unaanzia langoni, karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Unalala Mandara (mita 2,720), kisha Horombo (3,720), kisha Kibo (4,720). Usiku wa manane unaamshwa kupanda hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 70, kwa siku tano, au sita ukipumzika siku moja Horombo. Kama mnaweza kulipia siku ya sita, lipieni. Mwili unahitaji siku hiyo kuliko unavyohitaji jaketi jipya.

Hata wakubwa walishindwa kwa kukosa maandalizi. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887, akarudishwa na theluji na barafu kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kupitia. Alipofika kileleni na mwenzake Ludwig Purtscheller, Oktoba 1889, alikuwa amepanga kambi zenye akiba ya chakula mlimani, na wapagazi wakimletea kingine kutoka chini. Misuli ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni mipango.

NGUO: ADUI NI MAJI

Utasema adui ni baridi. Ni kweli, kileleni usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na upepo unazidisha. Lakini baridi inampata haraka zaidi mtu aliyelowa. Siku ya kwanza unapita msituni, mvua inanyesha, na wewe unatoka jasho. Fulana ya pamba inanyonya maji yote hayo na kuyashika. Jinzi ndiyo balaa, maana ikilowa inakuwa nzito, haikauki hata kwa siku mbili, na inanyonya joto la mwili wako.

Kwa hiyo vaa nguo kwa tabaka. Karibu na ngozi vaa fulana ya michezo, ile ya kitambaa cha jezi isiyoshika jasho. Juu yake sweta la sufi au flisi, na nje koti lisilopitisha upepo wala maji. Ukitembea ukaona joto, vua moja kabla hujalowa jasho. Ukisimama, vaa mara moja, usisubiri utetemeke. Suruali ya traksuti inatosha chini, na usiku wa kilele vaa mbili au tatu.

Huna hela? Nenda mitumbani. Sweta zuri la sufi lipo pale, tena bei yake ni ndogo kwa sababu wenzako wanagombea jinzi. Tafuta pia mzula wa kufunika masikio, na glavu nzito. Glavu zikikosekana, soksi nene za sufi mikononi zinafaa sana, acha watu wacheke. Weka seti moja ya nguo kavu ndani ya nailoni nene, iwe ya kulalia tu. Hata ukilowa mchana kutwa, seti hiyo usiiguse mpaka ufike kibandani. Mfuko wa kulalia unaweza kukodi Moshi au Marangu, ila uliza ni wa baridi kiasi gani, na uukague zipu kabla hujatoa pesa.

Viatu ni hadithi nyingine. Buti jipya linaloonja mguu wako kwa mara ya kwanza langoni litakupa malengelenge kabla ya Mandara. Livae wiki tatu au nne kabla, shuleni, sokoni, popote. Buti la mtumba nalo likunje, livute soli kwa nguvu, kwa sababu gundi ya zamani huachia ghafla. Liwe na nafasi ya soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje. Ukisikia mguu unawaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Usingoje mpaka wenzako wapumzike.

Kingine ni tochi ya kichwani na betri za akiba (zilaze mfukoni karibu na mwili, baridi hufyonza betri), miwani ya jua, kofia ya kapelo na mafuta ya mgando ya kupaka midomo. Akina dada, bebeni pedi hata kama tarehe haijafika. Safari ndefu na hali ya juu mlimani huweza kubadilisha siku zako. Beba na mfuko wa kurudishia zilizotumika, usizitupe njiani.

CHAKULA: KULA KABLA HUJATAKA

Mtu anayetembea siku nzima kwenye mwinuko hutumia nguvu nyingi kuliko siku ya shamba. Tatizo ni kwamba kadiri unavyopanda, hamu ya kula inapotea. Ukifika Kibo, sahani ya wali utaiona kama adhabu. Kwa hiyo siku mbili za kwanza kula sana. Wenyeji wa huko chini wana mtori wao wa ndizi na nyama, na sijui chakula bora zaidi ya huo kwa jioni ya Mandara: una wanga, chumvi na maji kwa pamoja.

Juu zaidi, nguvu nyingi zitoke kwenye wanga: uji wenye sukari, chapati, viazi, mkate. Mfukoni weka vitu vya kutafuna kila saa, kama karanga, kashata, tende na maandazi makavu. Gramu 100 za karanga zina kalori zaidi ya 500, na hazigandi kwenye baridi. Chokoleti ni nzuri pia, lakini usiku wa kilele inakuwa ngumu kama jiwe, hivyo ivunje vipande vidogo mapema.

Msibebe maharage makavu. Kumbuka fizikia: juu, kani ya hewa ikipungua, maji huchemka mapema. Pale Kibo yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Mtachemsha usiku kucha na maharage yatabaki magumu. Kama mnayapenda, yapikwe nyumbani, na yaliwe siku ya kwanza. Tena jiko liwe la mkaa au la gesi, msiliingize ndani ya kibanda au hema mkafunga mlango. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Maji: lita tatu hadi nne kwa siku, ukihesabu chai, uji na supu. Hewa ya juu ni kavu, unapoteza maji kwa kupumua tu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Kibo hakuna chanzo cha maji, yanabebwa kutoka chini, basi yatunzeni. Usiku wa kilele weka chupa ndani ya koti ikiwa imegeuzwa kifuniko chini. Maji huanza kuganda juu, hivyo mdomo wa chupa utabaki wazi.

KICHWA KIKIUMA, SEMA

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kileleni, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Mwili huzoea, lakini kwa siku kadhaa. Usipozoea utaumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, utakosa usingizi. Hiyo inampata hata kijana mwenye afya, mcheza mpira, asiyevuta sigara. Siyo udhaifu. Kinacholeta vifo ni kuficha. Mwanafunzi anaogopa kuitwa legelege, au anaona mchango wa wazazi utapotea, basi anameza Panadol na kunyamaza. Asubuhi anapanda tena.

Kanuni ni hii: ukiwa na dalili hizo, usipande hatua moja zaidi mpaka ziishe. Zikizidi, shuka. Na zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: kukohoa povu, kuhema ukiwa umekaa kimya, kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi. Mwambie mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Akishindwa, ashuke usiku huo huo na mtu wa kumshika, hata mvua inyeshe. Mwenyewe atakataa na kusema yuko poa. Msimsikilize. Mwambieni kiongozi, ndiye mwenye uzoefu na leseni ya hifadhi.

Kama umetoka sehemu yenye mbu na una homa pamoja na kichwa kuuma, inaweza kuwa malaria. Vyovyote vile, shuka kwanza, upime chini.

Kabla ya safari nenda zahanati. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande, maana oksijeni ikipungua anaweza kupata maumivu makali na hatari. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja, hata kama haumwi, amwone daktari kwanza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Ipo dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, inaitwa asetazolamidi, lakini ni jamii ya salfa. Kama uliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa SP, mwambie daktari. Vidonge vya usingizi na pombe, hapana.

Na kabla hujafunga begi, kata kucha za miguu ziwe fupi. Wengi hujiandaa kwa kupanda tu, halafu siku ya kushuka vidole vinagonga mbele ya buti kwa saa nyingi mpaka kucha zinageuka nyeusi. Kaza kamba za buti kwenye kifundo kabla ya kuanza kuteremka, kunja magoti kidogo, na mkifika Horombo kuleni kwanza kabla hamjaendelea na safari.