Jiko la Kuni Nyumbani: Kulitumia, Kulitunza na Kisichopikwa Juu Yake

Kijitabu kwa kaya za Shinyanga, Kahama na Geita

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa gesi au umeme asiusubiri mwaka huo. Kijitabu hiki ni cha kaya ambayo jioni ya leo itawasha kuni, iwe kwenye mafiga matatu au kwenye jiko banifu la udongo. Na tusidanganyane: jiko banifu hupunguza kuni na moshi, lakini moshi hauishi. Likitumiwa ovyo halipishani sana na mafiga.

Kuni

Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto huanza kuyakausha hayo ndipo uchemshe ya kwenye sufuria, na huku nyumba inajaa moshi na bomba la moshi linaziba masizi. Pasua kuni zikiwa bado mbichi, maana ndipo zinapopasuka kirahisi, kisha zipange chini ya upenu zikiachiana nafasi ya upepo. Kiangazi cha kwetu, Juni hadi Septemba, kinatosha kuzikausha zilizopasuliwa nyembamba. Iliyokauka huonyesha nyufa kwenye ncha, gome lake hubanduka, na ukigonganisha vipande viwili hutoa mlio mkavu.

Okota matawi makavu kwa utaratibu wa kijiji, mti uliosimama uuache. Wazee wanaikumbuka Shinyanga iliyobaki kipara kabla ya HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi, kuanza mwaka 1986 na ngitili, yale malisho yanayotengwa ili yaote upya, kurudi. Miti ya pamba iliyong'olewa nayo huwaka vizuri, ila usiirundike nyumbani hadi msimu ujao, kwa kuwa huhifadhi wadudu watakaorudi shambani kwako.

Usiwashe kwa petroli wala kumwagia mafuta ya taa moto unaofifia. Vijiti vyembamba na makapi makavu vinatosha.

Jiko lenyewe

Jiko la udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani yaliyokatwakatwa liache likauke kivulini wiki mbili au zaidi. Moto wa kwanza uwe mdogo. Ufa ukitokea, lowesha mahali hapo na uzibe kwa udongo uleule.

Jambo linalosahaulika ni nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko. Iwe upana wa kidole kidogo. Ikiwa finyu, moshi hurudi kwenye mlango wa jiko na kumpiga mpishi usoni. Ikiwa pana, joto lote linaruka nje. Kwa hiyo jiko lijengwe kwa kipimo cha sufuria inayotumika kila siku, ile ya ugali au ya michembe, si ile ya wageni. Tena sufuria ikae imara. Ugali husongwa kwa nguvu, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine ukishikilia, na sufuria inayoyumba ndiyo inayomwagikia mtoto aliyechuchumaa pembeni.

Zoa majivu kila asubuhi ili hewa ipite chini ya kuni. Yamwage shimoni, mbali na ukuta wa nyasi, kwani kaa lililofunikwa na majivu laweza kuwa hai hadi kesho yake. Bomba ligongwe masizi kila mwezi. Usiku wa baridi usiingize makaa chumbani: hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Mtoto akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai visiguse kidonda. Kisha kituo cha afya.

Dhahabu haichomwi jikoni

Hapa ndipo ukanda wetu unapotofautiana na mikoa mingi. Mume au kijana anarudi kutoka mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, na kidonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki, broka anasubiri, na moto uko tayari. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko au kikaango juu ya makaa yaleyale ya chakula. Baada ya dakika chache zebaki imetoweka na dhahabu inang'aa njano.

Haikutoweka. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, na moto wa kuni hupita hapo bila shida. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Sehemu mnaivuta papo hapo. Sehemu inapoa na kutua kwenye bati, ukutani, kwenye ndoo ya maji na kwenye mwiko, kisha hupanda tena hewani kidogo kidogo siku zinazofuata. Huharibu ubongo na figo. Mikono hutetemeka, mtu husahau na kukasirika bila sababu. Kwa mjamzito sumu humfikia mtoto aliye tumboni.

Kufungua dirisha hakutoshi. Kikaango kilichochomewa dhahabu hakisafishiki kikarudi kuwa cha chakula. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa namna hii ukomeshwe katika makazi ya watu. Kama zebaki bado inatumika, uchomaji ufanyike mbali na nyumba, kwa retoti: chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa maji, ambacho hurudisha zebaki badala ya kuipeleka mapafuni. Zebaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Ikimwagika usiifagie, maana fagio huitawanya. Toa watoto, kusanya matone kwa karatasi ngumu na uyatie kwenye chombo chenye maji na kifuniko.

Vilevile, marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, yasitumike kusiliba jiko, hata kama mchanga wake ni laini na wa bure. Mawe ya mwaloni yasiwe mafiga: yenye madini ya salfa yakipashwa moto hutoa gesi inayochoma kifua.

Kama dhahabu ilishachomwa jikoni kwako na kuna anayekohoa, kubanwa kifua au kutetemeka, mpeleke kituo cha afya leo, na umwambie mganga waziwazi kwamba ni zebaki. Asipoambiwa, atatibu malaria.