SOMO: NJIA PANDA YA MAMA NGINA, TUANZE NA KUPIMA

Ndugu msomaji, safari hii somo letu linatoka nje, mpaka pale Barabara ya Mama Ngina inapotokea kwenye barabara ya feri. Wengi wetu twapajua. Tangu bustani ya ufuoni ifunguliwe upya mwaka 2019, Jumapili jioni watu wanarudi kutoka kupunga upepo, mzazi mkono mmoja umeshika mtoto, wa pili una mihogo na pilipili. Hapo hapo feri inashusha. Shirika la Huduma za Feri lilikuwa likitaja zaidi ya watu 300,000 kwa siku wanaovuka Likoni, na feri haishushi watu mmoja mmoja. Wanakuja kama wimbi, kisha kimya, na kwenye kimya kile ndipo magari huongeza mwendo.

Tukikaa kikao kuhusu jambo hili, twaishia kulaumiana: dereva wa matatu hana adabu, wa bodaboda ndiyo usiseme, nao watembea kwa miguu hawatazami. Tumeyasema miaka mingi. Tujaribu kupima.

Dereva akiona mtoto amejitokeza, hupita kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari likiwa na mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo limekwenda mita 8. Breki zikiwa nzuri na lami kavu, linahitaji mita 5 nyingine, basi limesimama. Jumla mita 13. Sasa chukua gari la kilomita 50, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mijini. Katika ile sekunde moja limeshakula mita 14! Yaani pale mwenzake aliposimama kabisa, huyu hata breki hajaikanyaga. Mtoto akiwa pale, atagongwa kwa mwendo ule ule wa 50, na dereva hajavunja sheria ya mwendo. Isome tena sehemu hii, ndugu, maana ndiyo somo lenyewe.

Tumtazame na anayevuka. Mtu mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya upana wa mita 7 humchukua sekunde 6 hivi. Bibi mwenye kapu aweza kuchukua 9. Katika sekunde 9 gari la kilomita 50 linakwenda mita 125. Bibi ataonaje mita 125, na matatu imesimama mbele yake ikishusha abiria? Akipata kisiwa katikati ya barabara, atavuka nusu, apumue, kisha atazame upande mmoja tu. Zebra nayo ni nzuri, lakini rangi peke yake haipunguzi mwendo. Ichorwe juu ya tuta pana lililo bapa, dereva atapunguza apende asipende. Na iwekwe pale miguu inapopita kweli, maana mtu aliyeshuka feri na mzigo hatazunguka kwenda kutafuta zebra.

Kupima si kazi ya injinia peke yake. Kikundi cha watu wanne chatosha. Pimeni mita 50 kwa utepe, mkiwa kando, si barabarani jamani, mtie alama mbili. Mmoja apunge mkono gari likipita alama ya kwanza, mwingine ashike saa kwenye ya pili. Likichukua sekunde 6, linakwenda 30. Likichukua chini ya sekunde 3.6, limepita 50. Wa tatu ahesabu wanaovuka, wa nne achore wanapovukia. Fanyeni asubuhi saa kumi na mbili hadi mbili, jioni saa kumi hadi moja, na Jumapili moja.

Kabla ya kuandika barua, ulizeni barabara ni ya nani. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipa KeNHA barabara kuu na KURA za mijini, na baada ya Katiba ya 2010 kaunti nayo ina zake. Kwenye njia panda barabara mbili zaweza kuwa na wenyewe wawili, na barua ikazungushwa miezi. Basi waandikieni wote siku moja, ukurasa mmoja, hesabu zenu juu, ombi moja chini: tuta la zebra mahali mlipopachora. Nakala mpeni mwakilishi wa wodi, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.