Mvua ya Mawe Ikiisha Kupita: Jinsi ya Kutazama Paa la Nyumba Yako

Ninyi mnaokaa vijijini karibu na migodi, toka Kipushi na Kambove mpaka pande za Kolwezi, mnaijua desturi ya mvua yetu. Katika mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua linawaka sana, halafu wingu jeusi linapanda, upepo wa baridi unafika kwa ghafula, na mawe yanaanguka. Mawe hayo ni maji yaliyoganda mbali juu ndani ya wingu. Nchi yetu nayo iko juu: Lubumbashi iko zaidi ya meta 1200 juu ya bahari. Kwa hiyo mawe hayana njia ndefu ya kuyeyuka kabla ya kufika kwetu.

Mvua ikiisha, watu wote wanakimbilia shamba kutazama mihogo na mahindi machanga. Ni vizuri. Lakini paa linasahauliwa. Sasa fikiri: kuta za nyumba nyingi ni za matofali mabichi. Tone moja linaloanguka kila siku juu ya ukuta linaulainisha kidogo kidogo. Mwezi wa pili au wa tatu ukuta unapasuka, na pengine unaanguka usiku watoto wakiwa wamelala. Au tone linaingia katika mahindi ya akiba, mahindi yanaota ukungu. Ukungu wa namna hiyo una sumu, na sumu hiyo haimalizwi na moto wa chungu. Usiseme: nitayapika pombe.

Basi, kwanza pima mawe kabla hayajayeyuka. Okota makubwa matatu au manne, uyalinganishe na kitu unachokijua. Mawe kama punje ya mahindi au ya karanga yanapiga kelele nyingi, lakini manjanja mazima hayaumizwi nayo. Yakiwa kama yai la njiwa au la kuku, sharti utazame vema. Usipande juu wakati radi bado inasikika, wala bati likiwa bado na maji, maana linateleza.

Zunguka nyumba kwa miguu. Upepo ulitoka upande gani? Majani ya migomba yamechanika upande huo, na ukuta una vidonda vidogo katika udongo. Hao ndio mashahidi wako. Upande huo wa paa ndio uliopigwa zaidi, basi anza huko.

Kama paa lako ni la manjanja, usilitazame saa sita, maana jua la utosini linaficha mabonde. Tazama asubuhi au jioni, jua likiwa chini, na kila bonde litaonyesha kivuli chake. Alama ya jiwe la mvua ni ya mviringo, haina mkwaruzo mrefu, na alama zimetawanyika bila mpango juu ya bati zima. Ukitaka kuziona zaidi, chukua kaa la moto uliozimika, ulilaze, ulipitishe polepole juu ya migongo ya bati: mahali penye bonde hapatapata weusi.

Pengine utauliza: Je, kila bonde limeletwa na mvua ya mawe? Hapana. Mwembe ukiinama juu ya nyumba, maembe yanaanguka katika majira hayohayo, lakini mabonde yake yako chini ya matawi tu. Mawe ya watoto wanaowinda ndege yanaacha mkwaruzo. Mguu wa fundi unalaza migongo miwili au mitatu pamoja. Na kama umeshikilia bati kwa matofali au mawe mazito badala ya misumari, yaangalie hayo pia. Upepo unayasogeza, nayo yanakwaruza.

Jambo kubwa ni hili: bonde si tundu. Bati la chuma limefunikwa na zinki ili lisile kutu. Jiwe likilibonyeza tu, na zinki haikupasuka, nyumba haivuji, na bati litadumu miaka. Zinki ikipasuka, utaona baada ya majuma machache doa jekundu ndani ya bonde. Hapo ndipo pa kupaka lami au rangi, mapema. Tundu jipya lina ukingo unaong'aa. Tundu la zamani lina ukingo mweusi au mwekundu uliolika. Jiwe la mvua halitoboi kwa urahisi bati zima, ila lile lililokwisha kuliwa na kutu. Na huku kwetu kutu ina haraka. Kiwanda cha Lubumbashi kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake wenye salfa ulipelekwa na upepo upande wa kaskazini-magharibi, hata miti ikafa. Moshi kama huo ukichanganyika na maji unakuwa asidi, nayo inakula zinki. Anayekaa chini ya moshi wa kiwanda cho chote atazame paa lake mara mbili.

Sasa ingia ndani, funga milango na madirisha, ungoje kidogo mpaka macho yazoee giza. Matundu yataonekana kama nyota. Pitisha unyasi mwembamba katika kila moja, ili uone juu mahali pake. Usisahau misumari: mara nyingi maji yanapita penye msumari uliolegea, wala si penye bonde.

Siku chache baada ya mvua pengine atapita mtu mwenye ngazi, akisema, «Baba, manjanja yako yote yamekufa.» Mwambie akuonyeshe tundu kwa kidole. Akikuonyesha mabonde tu, mshukuru, umwache aende. Fedha ya makala yako usiitoe kwa sababu ya vivuli. Lakini ukinunua bati jipya, uliza namba: la 28 ni nene kuliko la 32. Muuzaji atakusifia bei ndogo ya jembamba, wala hatakwambia habari ya mawe.

Tundu dogo linazibwa kwa kitambaa na lami. Likiwa kubwa, kata kipande cha bati, ukingo wake wa juu uuingize chini ya bati la juu. Ukiuweka juu yake, maji yataingia. Ukipanda, kanyaga penye mstari wa misumari tu, maana chini yake kuna mti.

Nyumba nyingine za kambi zina mabamba ya saruji yenye amianti. Hayo hayabonyei, yanapasuka. Usiyakate kwa msumeno, usiyasugue: vumbi lake linaharibu mapafu.

Paa la nyasi halionyeshi mabonde, na kwa sababu hiyo linadanganya. Mawe yanavunja nyasi za juu na kuzilaza, maji yanasimama, na nyasi zinaoza toka ndani. Tazama kilele kwanza, kisha ule upande wa upepo. Ndani, pitisha mkono chini ya nyasi siku mbili baada ya mvua: mahali penye unyevu bado, ng'oa zilizovunjika, chomeka fungu jipya, ukianza chini na kwenda juu.

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Mawe yanakuja mwezi wa kumi, lakini nyasi za kuezekea zimekwisha kuungua na moto wa porini, na nyasi mpya ni fupi kama kidole. Katika kiangazi, mwezi wa sita, unapokata nyasi za nyumba, kata mafungu kumi zaidi. Yafunge vema, uyaweke juu ya uchaga mahali pakavu, mbali na jiko.

Mbegu zako zilizolowa, zianike juani siku hiyohiyo mvua ikikatika.